Barua kwa mwanangu: hela ya mteja itangulie

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Umeuliza: kampuni moja ya utalii ya Arusha inataka uisajilie leo vikoa 40, yaani majina ya tovuti kama yale ya .com, ikulipe mwisho wa mwezi, na salio la hela uliyotanguliza unalo kwa yule msajili wa Marekani, kampuni ya kusajili majina ambayo wewe ni wakala wake. Utumie salio lako kuwasajilia?

Hapana, mama. Mimi uhasibu nimestaafu ila hesabu bado naziona.

Mfanyabiashara wa mitumba pale Karume akichukua mzigo kwa mali kauli akashindwa kulipa, mwenye mzigo atafuata na kuyabeba marobota yaliyobaki. Kikoa ukishakisajili huna cha kubeba. Kwa .com kuna siku 5 za mwanzo ambazo msajili anaweza kukifuta akarudishiwa hela na Verisign, wenye rejesta (daftari kuu) ya .com. Yeye kukurudishia wewe ni hiari ya mkataba wenu, na wengi hawarudishi. Zamani watu walisajili majina maelfu kwa maelfu, wakayaonja kama yanaleta wageni, kisha wakayafuta bila gharama. Mwaka 2009 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, ikaufunga mchezo huo: msajili akifuta kupita kiwango cha mwezi, hela ya yaliyozidi hairudi. Kwa hiyo hao wa Arusha wakija kukuambia mwezi umeisha na bosi hajasaini, utakuwa na majina 40 ya biashara ya watu, na hakuna mwingine atakayeyanunua.

Kanuni yenyewe iko kwenye mkataba wa ICANN na wasajili wa mwaka 2013, kifungu cha 3.7.4. Msajili haruhusiwi kuwasha jina, yaani kuliweka hewani, mpaka aridhike kuwa ana uhakika wa kutosha wa kulipwa. Kumkopesha mteja anayekopesheka kunaruhusiwa, mradi jina likishawashwa deni liwe la mwisho, mteja asiweze kulifuta. Wewe wakala hukusaini mkataba huo, lakini msajili wako alijihakikishia mapema: salio lako ndilo uhakika wake. Swali ni uhakika wako wewe uko wapi.

Usidhani kadi inakuponya. Mwenye kadi ya Visa kwa kawaida ana hadi siku 120 za kuyakana malipo kwenye benki yake. Linganisha na zile siku 5. Miezi mitatu baada ya kusajili, benki inaweza kukukata hela ya mteja pamoja na faini, wakati ya Verisign ilishakwenda zamani. Kanuni za uhamisho zinamruhusu msajili kukataa kikoa kisihamishiwe kwingine kwa sababu ya malipo yaliyokanwa namna hiyo, ila sharti kwanza akisimamishe. Kwa hiyo mteja mgeni mwenye oda kubwa ya kadi mpe majina machache kwanza. Na anayelipa kwa simu usimwamini kwa ujumbe anaokuonyesha. Angalia salio lako mwenyewe.

Halafu kuna dola. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakutaka utaje bei ya ndani kwa shilingi, nawe unanunua kwa dola. Bei ya jumla ya .com ilipanda kufika dola 10.26 Septemba 2024, na juu yake kuna ya msajili wako. Wenzetu wa Kenya waliona dola ikifika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, kisha ikashuka kuelekea 130 ndani ya miezi michache. Aliyeuza kwa mkopo kabla haijapanda alikula hasara bila kosa lolote. Kwenye ankara andika bei ni ya siku 7 tu.

Kuhusu kujaza salio la mwaka mzima ili upate punguzo, sipendi. Kampuni ya RegisterFly ilianza kama wakala kama wewe, chini ya msajili aitwaye eNom, ikakua ikawa msajili kamili. Mwaka 2007 ICANN ikaivua idhini, baada ya wateja kulalamika kwamba wamelipa lakini majina hayakuhuishwa. Baadaye majina yakahamishiwa kwa msajili mwingine, GoDaddy. Siku hizi wasajili hulazimika kuweka nakala ya taarifa za wenye vikoa kwa mtunzaji wa pembeni. Nakala hiyo inaokoa majina. Salio la wakala halimo. Weka la mwezi mmoja, na kila kikoa ukiandikishe kwa jina la mteja mwenyewe.

Uhuishaji nao udai mapema, siku 30 kabla. Mteja akichelewa mpaka jina likafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, na Verisign peke yake humtoza msajili dola 40 kwa ukombozi, kabla huyo hajaongeza zake. Hiyo mteja ailipe kabla hujabonyeza kitufe. Wengi wakishapata jina lao hurudi kubishana bei.

Sasa hao wa Arusha. Wapelekee ankara ya awali leo, ya majina yote 40. Wakiogopa kuwahiwa, wachague matatu wanayoyahitaji kweli, wayalipie kwa simu, uyasajili papo hapo. Mengine yasubiri sahihi ya bosi. Wakikataa hata hayo matatu, waache waende kwa mwingine.

Baba yako anauliza kama ile mashine ya kusaga umeshaipeleka kwa fundi.

Mama