Jibu: Tuchome msitu wa Kakamega kama wanavyochoma Marekani?

Ndugu, umeuliza kama moto unaofufua misitu ya mialoni Marekani ungefaa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Hapana, tafadhali usiwashe! Mwaloni una gome nene, na mche wake ukiungua huchipua tena kutoka mzizini. Kule mashariki mwa Marekani, miaka mingi ya kuzima kila moto iliipa nafasi miti ya mepo (maple), yenye gome jembamba, ikaiziba mialoni mwanga. Ndiyo maana watunza misitu wa huko huvuna sehemu tu ya miti, jua liingie, husubiri miaka michache mizizi ya miche ya mwaloni inenepe, kisha huchoma ili mepo ife na mwaloni uchipue tena. Wakiharakisha, miche michanga hufa. Kakamega ni msitu wa mvua, miti yake haikuzoea moto. Huku tulinde miche inayojiotea, ng'ombe wasiikanyage.