Fuwele huota au huganda?

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Tanga mjini. Tumeletewa zawadi kutoka Kerch, Crimea: kombe la kale la baharini lenye vijiti vya rangi ya buluu ndani yake, yaani fuwele za madini yaitwayo vivianiti. Kwenye kibao cha kabatini nimeandika: "Kito hiki kimetengenezwa na maji yaliyoganda ndani ya kombe. Rangi yake imechujuka kwa mwanga." Mwenzangu wa jiografia anasema fuwele huota, hazigandi. Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako kapatia, Mwalimu. Najua kilichokusitisha: tumezoea kwamba kinachoota ni mbegu. Lakini jino huota, sugu huota, na mkate uliolala huota ukungu. Kinachotakiwa ni kitu kutokeza kidogo kidogo juu ya kingine.

Kuganda ni habari nyingine. Mafuta ya nazi yakipigwa na baridi ya asubuhi huganda yote, na yaliyoganda ni yale yale mafuta. Maji ya ndani ya kombe lenu hayakuganda, yalipita. Yalikuwa maji ya tope lililokosa oksijeni, yamebeba chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kilipokutana na fosfeti, ambayo hutoka kwenye mifupa, magamba na viumbe vilivyooza, vikashikana pamoja na sehemu ya maji yenyewe, chembe juu ya chembe, mpaka fuwele zikaota. "Kutengenezwa" nako sikupendi hapa, kwani wanafunzi watauliza fundi ni nani. Kama "kuota" bado kunakukera, sema fuwele "zilijijenga".

Kito? Hapana. Kito huchongwa kikavaliwa. Yakuti za Bonde la Umba, huko huko mkoani kwenu, zina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Vivianiti haizidi 2, ukucha tu unaikwaruza. Iite sampuli.

Kosa kubwa kuliko yote hukuliuliza: "imechujuka". Kanga ikifuliwa sana huchujuka, yaani hupoteza rangi. Vivianiti hufanya kinyume. Ikitoka ardhini huwa haina rangi kabisa, au ina ukijani hafifu. Mwanga na hewa vikiifikia, sehemu ya chuma chake huoksidika, nayo hugeuka kijani, kisha buluu, na mwisho hukaribia weusi. Rangi ya namna hiyo imekolea. Basi msiiweke kabati la dirishani, maana itaendelea kukolea na hata kupasuka.

Na kwa kuwa uko jirani na wauza mawe, usiambukizwe "madini hii". Ni madini haya, hata yakiwa ya aina moja.

Kibao kisomeke hivi: "Sampuli ya madini ya vivianiti kutoka Kerch. Fuwele zimeota ndani ya kombe la kale; rangi yake imekolea kwa mwanga na hewa."