Kabla hujanunua kamera ndogo ya zamani

Watu wakiniuliza kuhusu kamera ndogo za dijitali za zamani, huanza na megapikseli. Mimi huwaambia waanze na kadi ya kumbukumbu na betri, maana hivyo ndivyo vinavyofanya kamera nzima kabisa ibaki kabatini. Kuna zinazotumia kadi ya xD, iliyokuwa ya Olympus na Fujifilm. Leo kuipata ni kazi. Hata tundu la SD lina mtego wake: kamera zilizotoka kabla ya 2006 kwa kawaida husoma SD ya kawaida tu, yenye ukomo wa GB 2. Ukitia SDHC, yaani SD ya kizazi kilichofuata, ya GB 32, inakuandikia kosa la kadi, nawe unadhani kamera ni mbovu.

Upande wa betri napenda zinazotumia AA, kama nyingi za Canon PowerShot A. Tia za kuchaji za NiMH, kwani za alkali huisha upesi mno humo.

Ukiishika mkononi, iwashe na kuizima mara kadhaa huku ukiisikiliza lenzi. Ikikwaruza au ikisita njiani, achana nayo, hata iwe rahisi vipi. Kuitengeneza hugharimu kuliko kuinunua. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona vijinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Fungua kifuniko cha betri uangalie kutu, na uhakikishe kinabaki kimefungwa bila kubanwa na kidole.

Sasa kupiga picha. Kitufe kibonyeze nusu kwanza, subiri kamera ipate fokasi, ndipo ukimalizie. Wengi hukibonyeza moja kwa moja, kisha wanailaumu kamera kwamba ni ya polepole. Mtoto anakimbia? Lenga mahali atakapopita, shikilia nusu, akifika malizia. Picha unayoipata hapo ni tamu kweli.

Zumu ya dijitali izime. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache 80 au 100 kukiwa na mwanga. Ukipita 400 chenga zinajaa kwenye picha, kwa kuwa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo. Jua likiwa kali, mawingu hugeuka weupe mtupu usiookoleka, kwa hiyo shusha mwangaza wa picha (exposure compensation) hadi -0.7 kwenye menyu. Sehemu zenye kivuli utaziangaza baadaye kwenye kompyuta.