Maji yachemke kabla hujamenya matoke ya kukausha

Nilipoanza kukausha matoke ya unga hapa Mbarara, nilimenya mkungu mzima, nikakata vipande vyote, ndipo nikavianika. Kabla sijamaliza vya mwisho, vya mwanzo vilikuwa vimeshageuka kahawia, na mteja aliyeagiza unga huo aliuchota kwa ncha za vidole, akaunusa, akaniambia kwamba yeye hanunui vumbi. Nililaumu jua, nikalaumu kisu, kumbe chanzo kilikuwa ndani ya ndizi yenyewe.

Chanzo hicho ni polifenoli oksidesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) chenye atomu mbili za shaba pale kinapofanyia kazi. Ndizi ikiwa nzima, kimeng'enya na fenoli, yaani kemikali za asili za ndizi ambazo hukishughulisha, hukaa mbalimbali ndani ya seli. Kisu kikipita, kuta hupasuka na viwili hivyo hukutana mbele ya hewa. Hapo kimeng'enya huzivua fenoli hidrojeni na kuikabidhi oksijeni, hivi kwamba molekuli mbili za katekoli, ambayo ni aina ya fenoli, na moja ya oksijeni huzaa mbili za kwinoni (fenoli iliyovuliwa hidrojeni) na mbili za maji. Kwinoni nazo huungana zenyewe kwa zenyewe, na hata na protini, mpaka ikatokea ile rangi ya kahawia isiyofulika. (Watengenezaji wa chai kule Fort Portal huyasaga majani mabichi makusudi ili kimeng'enya cha aina hiyohiyo kiyageuze kuwa chai nyeusi, balaa langu ndiyo riziki yao.)

Kuloweka kwenye maji baridi huzuia hewa tu, na ukiopoa vipande kazi huendelea. Limau ni afadhali, kwa kuwa ukali wake hukidhoofisha kimeng'enya, na vitamini C huzirudisha kwinoni kuwa fenoli. Lakini vitamini hiyo ikikwisha, weusi hurudi. Ninachokitegemea mimi ni maji yanayotokota, kwa dakika chache, kwani joto huliharibu umbo la kimeng'enya moja kwa moja. Yatangulie kuchemka ndipo umenye, wala usijaze sufuria vipande vingi kwa mpigo, maana maji yatapoa na kimeng'enya kitapona. Usivipitishe muda pia, visije vikaiva ukapata bokoboko badala ya vipande vya kuanika.

Ukishaopoa, chukua kipande kinene kuliko vyote, kikate katikati, ukiache mezani nusu saa. Kiini kikiwa kimeingia kahawia, joto halikufika. Rudisha sufuria motoni.