Tui la maharage lisikatike

Dada uliyeuliza kwa nini tui linakukatikia kwenye maharage: nadhani unalimimina lote kwa mkupuo na kufunika sufuria. Nazi moja itoe tui mara mbili. Lile la pili, jepesi, ndilo la kupikia maharage yaliyokwisha kuiva, pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, na kuanzia hapo mwiko usitoke mkononi. Koroga taratibu, likianza tu kuchemka epua. Usifunike. Ndimu kama unaipenda, kamulia kwenye sahani, maana ukali wake nao hukata tui.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa akikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sinia chini, anaizungusha nazi polepole asifike kwenye kifuu, kwa sababu hakutaka tui lake liingie weusi hata kidogo. Alichujia kifumbu. Sisi wajukuu tuligombania machicha, tunayatia sukari tunakula vivyo hivyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, namwona pale uani, khanga kaifunga kiunoni.