Maswali Yenu: Fulana za Bendi na Chapa Zinazopasuka

SWALI: Fulana yangu ya bendi ya miaka ya 1980 ina nyufa kifuani, na kila nikiifua wino unabanduka. Kuna dawa ya kuuziba?

JIBU: Hakuna. Ivute chapa taratibu kwa vidole, kisha iachie. Nyufa zikiwa nyembamba kama unywele na wino umeshika, huo ni uzee tu. Wino wa plastisoli, unaotumika kwenye chapa hizi, ni chembe za PVC (aina ya plastiki) na kilainishi. Kilainishi kikipungua, hasa kwa joto la mashine ya kukaushia, wino unakakamaa na kushindwa kunyumbuka na kitambaa. Ukibanduka vipande vipande, huenda haukuiva kiwandani: plastisoli nyingi huhitaji nyuzi joto 160 hivi, hadi chini kabisa ya wino na si juu tu. Hilo halirekebishiki. Wanaojaribu kuurudisha kwa pasi huishia na wino ulioganda kwenye pasi.

Punguza kasi ya uharibifu. Geuza fulana upande wa ndani uwe nje, iloweke dakika 15 kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, ibonyezebonyeze bila kufikicha, suuza. Usiisokote, iviringe ndani ya taulo ulikamue hilo. Ianike kivulini ikiwa imelazwa, maana ikitundikwa uzito wa maji unainyoosha. Kabatini, tenganisha chapa kwa karatasi isiyo na asidi. Zikilaliana penye joto, hugandana.

SWALI: Muuzaji anasema ni ya 1988 kwa kuwa mwaka huo umechapwa chini ya picha. Nimwamini?

JIBU: Mwaka huo ni wa hakimiliki ya mchoro, na mchoro unaweza kuchapwa upya hata leo. Tazama pindo la mikono na la chini: mshono mmoja (mstari mmoja wa uzi badala ya miwili) ulikuwa wa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1990, ingawa nao unaigwa. Chunguza pia uchakavu. Wa kweli hauko sawasawa, huzidi panapokunjika. Chapa iliyofifia kwa kipimo kimoja kote, nasi tungeshuku imesuguliwa kwa msasa ili ionekane ya zamani.

SWALI: Mbona fulana nyeusi niliyonunua imechanika kama karatasi?

JIBU: Baadhi ya rangi nyeusi za salfa, zikikaa muda mrefu penye unyevu, hutoa asidi inayokula pamba. Kuosha hakuirudishi. Kabla ya kulipa, shika pindo la chini na ulivute kidogo kwa upana. Ukisikia nyuzi zinakatika, irudishe ilipokuwa.