Maswali ya Wasomaji: Bunduki, Kujihami na Kusema Mbele ya Kamati ya Bunge

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza kuhusu mtu mwenye silaha halali na sheria inayomhukumu akiitumia. Tumezijibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

*Wahariri, salaam. Tuna umoja mdogo wa wenye leseni za bunduki, wengi wetu wakulima wa korosho. Tunaona sheria ya kujihami haiko wazi: mtu anavamiwa usiku, anajitetea, anaishia mahabusu. Muswada wa kurekebisha sheria hiyo ukipelekwa bungeni, tunaweza kwenda wenyewe kusema? Tunaanzia wapi?*
Mkulima, Tandahimba

Ndugu yetu, mnaweza. Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Bunge linaitekeleza haki hiyo hasa kwenye kamati. Muswada ukishasomwa Mara ya Kwanza, Spika huupeleka kwenye kamati ya kudumu, nayo huwaita wadau watoe maoni kabla muswada haujarudi kwa Kusomwa Mara ya Pili. Hapo ndipo pa kusemea. Ukisubiri hadi mjadala wa ukumbini, wewe ni msikilizaji tu kwenye jukwaa la wageni.

Kwanza jueni ni sheria gani inaguswa, maana watu huchanganya mbili. Haki ya kujihami imo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vya 18A, 18B na 18C. Muswada wa kugusa vifungu hivyo kwa kawaida huenda kwenye kamati inayoshughulikia Katiba na Sheria. Leseni, umiliki na utunzaji wa silaha vimo kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na muswada wake huangukia kwa kamati ya ulinzi na usalama. Mtu akienda kwenye kamati ya sheria kulalamika kwamba leseni inachelewa, ataambiwa kwa upole kwamba hilo halimo kwenye muswada, na dakika zake zimekwisha.

Tangazo la kuwaita wadau hutolewa na Ofisi ya Bunge kwenye tovuti yake na magazetini. Muda kati ya tangazo na kikao mara nyingi ni siku chache, na muswada ulioletwa kwa hati ya dharura huenda kwa kasi zaidi. Kwa hiyo msingoje tangazo ndipo muanze kuandika. Bunge hukaa Januari hadi Februari, kisha Aprili hadi Juni kwa bajeti, halafu Agosti au Septemba, na Novemba. Wiki kabla ya mikutano hiyo ndizo za kufuatilia kwa makini. Muswada wenyewe huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kuwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Mchapishe, mtu mmoja ausome kwa sauti, wengine mpige mistari.

Andiko lenu liwe kurasa mbili, tatu zikizidi sana, kwa Kiswahili, na lielekezwe kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma. Kichwani kiwepo jina la muswada na namba yake. Kisha chora jedwali: kifungu, kinavyosomeka sasa, tatizo lake, maneno mnayotaka yawekwe, na sababu. Safu ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo wengi huiacha wazi. Kamati haiwezi kuandika "wananchi wana hasira" kwenye jedwali la marekebisho. Inaweza kuchukua sentensi iliyokwisha kutungwa. Mnaweza kupendekeza, kwa mfano, kwamba kifungu cha 18B kitaje mambo ambayo mahakama itayapima inapoamua kama nguvu ilizidi: idadi ya wavamizi, giza, silaha walizokuwa nazo, umri na afya ya aliyejihami, na umbali wa msaada wa karibu. Kwa kijiji kilicho saa mbili kutoka kituo cha polisi, jambo hilo la mwisho si dogo. Tunaliunga mkono pendekezo la namna hiyo kwa moyo wote. Pendekezo la kwamba mwenye nyumba asihojiwe kabisa hatuliungi mkono, kwa sababu wauaji nao wana nyumba.

Taja pia toleo la sheria unalonukuu. Kanuni ya Adhabu imetoka katika matoleo ya 2002, 2019, 2022 na 2023, na hilo la mwisho lilianza kutumika 1 Julai 2025. Namba ya kifungu uliyoikuta kwenye kitabu cha zamani ihakikishe kwanza kwenye toleo jipya, la sivyo wajumbe watafungua ukurasa mwingine na wewe unaendelea kuongea.

Mkipewa nafasi ya kusema, chagueni msemaji mmoja. Jitayarisheni kwa dakika tano, mkiongezewa ni heri. Watu 30 wenye fulana za rangi moja hawaongezi uzito wa hoja, na ukumbi wa kamati haukujengwa kwa ajili ya umati. Msemaji ajue kujibu swali moja ambalo halikosi kuulizwa: "Mkipewa mnachoomba, mtu akimpiga risasi jirani yake kwa ugomvi wa mpaka na kudai alikuwa mwizi, sheria yenu itamkamata vipi?" Asipokuwa na jibu, hoja yote imeanguka. Asiseme jambo asilolijua kwa hakika pia, kwani kutoa ushahidi wa uongo mbele ya kamati ni kosa chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296. Na silaha zibaki nyumbani zimefungiwa. Getini kuna ukaguzi, na mwenye bastola kiunoni hataingia hata awe na leseni ya miaka mingapi.

Kuhusu safari, Mtwara hadi Dodoma kupitia Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na magari yalilala njiani. Kwa vikao vya masika tumeni andiko kwanza kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo, kisha ndipo mfikirie basi. Maoni ya maandishi nayo hupokelewa. Nakala moja mpeni mbunge wenu mkononi, maana yeye anaweza kuleta jedwali la marekebisho hata kama si mjumbe wa kamati hiyo.

*Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho la chama cha msingi. Bunduki ni ya chama. Nikimkuta mtu anatoka na gunia usiku, sheria inaniruhusu kumpiga?*
Mlinzi, Masasi

Kulinda ghala hilo unaruhusiwa. Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kutetea mwili wako, mwili wa mwingine, mali yako na mali ya mtu mwingine, na kinaitaja waziwazi mali ya mwajiri na mali ya pamoja kama ya chama cha ushirika au kijiji. Kwa hiyo wewe si mtu wa kando.

Ugumu uko kwenye kiasi cha nguvu. Kifungu cha 18B kinaruhusu nguvu ya kadiri tu, ile iliyo lazima kwa ulinzi huo. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lililotokana na ziada hiyo, na mtu akifa kwa sababu ya ziada hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C ndicho kinachofika hadi kusababisha kifo au jeraha kubwa, lakini kwa masharti. Uwe umetenda kwa nia njema, ukiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba kitendo chako ni cha lazima, na tukio liwe la aina inayotajwa humo: shambulio la kutishia kifo au jeraha kubwa, ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji moto au kosa linalohatarisha maisha au mali.

Sasa liweke tukio lako kwenye mizani hiyo. Watu wanne wenye mapanga wanaokujia baada ya kuvunja mlango wamo. Kijana mmoja asiye na kitu mkononi ila gunia begani, amekupa mgongo na anakimbilia mikorosho, ni vigumu sana kumwingiza. Kesi nyingi huharibikia hapo: risasi imeingilia mgongoni, daktari ameandika hivyo, na mshtakiwa anasema alikuwa anashambuliwa. Tochi kali, filimbi na namba ya simu ya mgambo wa kijiji vinakutoa kwenye hali nyingi kabla hujafikiria kidole.

Kabla ya yote hayo, omba kuona karatasi za bunduki. Kama imesajiliwa kwa jina la mwenyekiti na wewe huna kibali cha kuishika, kosa limeshatendeka kabla mwizi hajafika. Kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha sheria ya 2015, kukutwa na silaha bila leseni ni kosa, na hushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Watu wamefungwa miaka 20 kwa gobore moja. Uongozi wa chama uende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya uweke sawa majina ya walinzi kabla msimu wa minada haujaanza.

*Nimeona kwenye simu picha za Wamarekani wamebeba bunduki ndefu ndani ya bunge lao. Kweli kule mtu anaingia na silaha kutetea sheria ya kujihami? Na kwa nini kwetu isiwe hivyo?*
Msomaji, Newala

Picha za aina hiyo zilizosambaa sana ni za Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan, 30 Aprili 2020. Waliokuwemo walikuwa wanapinga masharti ya korona, na habari ya kujihami haikuwepo. Kubeba silaha wazi ndani ya jengo lile kulipigwa marufuku Januari 2021. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina bunge lake na sheria yake, kwa hiyo "Wamarekani wanaruhusiwa" ni maneno yanayohitaji kuulizwa: wa jimbo gani?

Wanaotetea haki ya silaha kule wana msingi ambao sisi hatuna, yaani Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, ambayo Mahakama Kuu yao mwaka 2008 iliyatafsiri kuwa yanamlinda mtu binafsi kumiliki silaha nyumbani kwa ajili ya kujihami. Katiba yetu, Ibara ya 14, inatoa haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka katika jamii kwa mujibu wa sheria. Bunduki haimo, hiyo ni leseni, na leseni hufutwa.

Ugomvi wao mkubwa ni sharti la kurudi nyuma kwanza kama unaweza kuondoka salama. Florida ililiondoa mwaka 2005. New Hampshire ililiondoa 2011, na bunge likaipita kura ya turufu ya Gavana John Lynch. Mwaka 2013 ukaja muswada wa kulirudisha. Baraza la Wawakilishi lenye viti 400 liliupitisha kwa kura 189 dhidi ya 184, lakini Seneti haikuupitisha, sheria ikabaki. Katika jimbo hilo kila muswada hupata kikao cha wazi: mwananchi hujiandikisha kwamba anaunga mkono au anapinga, anasubiri jina lake, anasema. Hahitaji mwaliko. Hilo tunalitamani kwetu kuliko bunduki zao.

Vifungu vyetu havisemi neno kwa neno kwamba lazima ukimbie kwanza. Ila mahakama itauliza kama nguvu ilikuwa ya lazima, na mlango wa nyuma uliokuwa wazi huingia kwenye jibu.

*Marehemu mume wangu ameacha gobore, karatasi sizioni. Wanangu wanasema libaki kwa ajili ya tembo. Nifanyeje?*
Mama, Liwale

Pole sana mama kwa msiba. Lisikae ndani. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba, na bila karatasi anayekamatwa ni yule anayekutwa nalo, yaani wewe au wanao. Mwambie mtendaji wa kijiji, awaite polisi waje walichukue nyumbani. Usimpe kijana alipakie kwenye bodaboda kwenda kituoni, maana akisimamishwa njiani atakuwa na maelezo magumu. Dai hati ya kukabidhi. Serikali hutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2023, ila usiweke maisha ya watoto kwenye kungojea tangazo.

Tembo hauawi kwa gobore, hujeruhiwa, na aliyejeruhiwa hurudi mbaya zaidi. Kamba zenye matambaa yaliyopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba, husaidia zaidi. Mazao yakiliwa, toa taarifa mapema kwa mtendaji na afisa wanyamapori wa wilaya ili upate kifuta jasho.

*Ikitokea nimejihami na mtu ameumia, saa ya kwanza nifanye nini?*
Kijana, Kilwa Masoko

Mpe msaada majeruhi au mtafutie gari, kwani kumwacha afe kunaharibu nia njema yako. Piga simu polisi na kwa mtendaji. Usisogeze panga, ganda la risasi wala mlango uliovunjwa, na usioshe damu. Silaha iondolee risasi, iweke chini, mkabidhi askari ukishuhudiwa. Kama nawe umeumia, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyo hiyo hata jeraha likiwa dogo, maana kidonda kilichopona hakiwezi kuonyeshwa mahakamani. Andika majina ya waliofika kwanza.

Kwenye maelezo yako sema tangu mwanzo kwamba ulikuwa unajihami, na dhidi ya nini. Una haki ya kuwa na wakili au ndugu unapohojiwa, na muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, ingawa unaweza kuongezwa. Ukianza kwa kudai kwamba hukuwepo, halafu miezi mitatu baadaye useme ulijihami, hata wakili hodari atapata shida. Kujihami kukishaibuliwa vizuri, ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha pasipo shaka kwamba hukuwa unajihami. Soma maelezo yote kabla ya kusaini, na usiposoma vizuri omba usomewe, kisha sahihisha kila kosa kwa kalamu na uweke saini ndogo pembeni yake.